Kura ya Nyumbani Kwetu

Kisanduku cha kura kililia ti! ukutani kabla sijawasha taa ya jikoni. Kila mwaka swali ni lile lile: Ambilikile, mcheza besiboli aliyefungiwa kwa kubeti, asamehewe? Kinaniuliza utadhani si mume wangu. Na mmoja wa nyumbani kwake akikataa, kura za nchi nzima hazihesabiwi.

"Amekiri, ameomba radhi, miaka saba sasa. Mnataka nini tena?" nikakigombeza, nikabonyeza ndiyo.

"Mama Sekela, unagombana na ukuta," mume wangu akacheka. Alishapanga begi la kurudi kambini kwa timu yake akisamehewa.

Mwaka huu hata watoto wa miaka sita wanapiga kura, basi nikamnyanyua Sekela avifikie vitufe. Taa ya kisanduku ikawa nyekundu.

"Nimekataa ili Baba asiondoke," akasema.