Kanyaga Kidogo

Njiani kuelekea hospitali, kila Shomvi alipokanyaga mafuta, gari liligonga gu! gu! kwa kishindo. Akalisimamisha, akainua boneti, akamwomba mkewe, Mwanaheri, ajikongoje na ugonjwa wake hadi kwenye usukani.

"Kanyaga kidogo, mama watoto."

Injini iliruka. Mpira unaoishikilia ulikuwa umekatika.

"Niwie radhi, baba," Mwanaheri alisema kwa sauti hafifu. "Mguu hauna nguvu."

"Umetosha. Tatizo nimeliona."

Akaifunga injini kwa kamba ya mizigo, akakaza.

"Haya, kanyaga tena."

Injini ilinguruma vilevile, chini chini. Akaita tena. Kimya. Boneti ilimkinga asione ndani ya gari, na Shomvi hakuishusha. Alibaki ameinama, akikaza fundo lililokwisha kukazika.