Lango la Kuogeshea Makocha

Mwenyekiti alijichokonoa meno kwa ncha ya karatasi ya wasifu wa mwombaji kazi, akaitazama nyama iliyonasa, akairudisha mdomoni.

"Aje mwingine," alisema.

Ndivyo timu ya ligi kuu, tena inayoburuza mkia, ilivyokuwa ikitafuta kocha. Meza nzima mifupa ya kuku. Mweka hazina kavua viatu, soksi zinanuka mpaka mlangoni. Msemaji wa klabu kazi yake ilikuwa kucheka kila mwenyekiti anapocheka. Na kule dirishani alikaa daktari wa timu, mwanamke ambaye hakugusa kuku wala hakucheka, uso kaukunja tangu asubuhi.

Waliotangulia walikuwa aibu tupu. Mmoja alileta video za mechi alizofungwa, kazikatakata ili mabao yasionekane. Mwingine alimsifia mwenyekiti hadi kitambi.

Kisha akaingia Komeo.

Jina hilo alilipata enzi zake za beki: ukifika kwake, mlango umefungwa. Alikuwa amerudi karibuni tu baada ya kufundisha nje miaka mingi. Nywele nyeupe, shati limenyooshwa vizuri, ananukia sabuni. Alisalimia wote, akaketi alipoonyeshwa. Daktari alimmiminia maji bila kuombwa, akarudi dirishani bila kumtazama.

"Kwa nini tunafungwa?" mwenyekiti aliuliza huku anatafuna.

"Mabeki wenu wa pembeni wanapanda wote kwa pamoja, nyuma habaki mtu. Hilo dogo, narekebisha mazoezini. Kubwa ni kwamba wachezaji wenu wanacheza na woga, na woga huo unatoka kwenye lile lango."

Lango lenyewe kila mtu alilijua. Klabu ile ikifungwa nyumbani, kocha hapandi basi la timu. Anatolewa kwa miguu kupitia lango la mashabiki, na viongozi wenyewe ndio wanaomfungulia. Wanaita kumwogesha. Mate, maji machafu, chupa za mkojo, matusi ya kumtaja mama yake mzazi. Kocha wa mwisho alipofika upande wa pili, mdomo ulikuwa umepinda na mkono mmoja hausogei. Daktari ndiye aliyempangusa mate usoni pale chini, huku mtu mzima analia. Mpaka leo kutamka jina la mkewe hawezi. Na mwenyekiti anasimama mbele ya watu anasema hiyo ni desturi ya klabu! Kichefuchefu kitupu.

"Nikifungwa, nitatoka na wachezaji wangu," Komeo aliendelea. "Mkinilazimisha langoni, nitapita, ila sitakimbia. Nitatembea polepole mpaka waone haya wao. Nyumbani wamenikataza kuja hapa. Nimewaambia kazi yangu ya mwisho ndiyo hii, waniache niifanye."

Mwenyekiti akapiga meza, mifupa ikaruka. "Mwanamume huyu!"

Alipotoka tu, msemaji akafurahi kama kaokota dhahabu. "Mzee anayetembea polepole langoni? Wee! Watu watajaa uwanjani hata kama tunafungwa!"

Wakacheka. Hicho ndicho walichokiona kwa mzee wa watu. Hata hivyo walikuwa wamekubaliana. Mweka hazina, ambaye shemeji yake alikuwa nje anasubiri zamu, alisema mwenyewe, "Jamani, tuache utani. Huyo ni kocha. Tumpe."

Ndipo daktari akafungua mdomo.

"Mlevi."

"Nani?"

"Huyo. Nimemnusa nilipompa maji. Na mikono inatetemeka, hamkuona? Mimi ni daktari, vitu hivyo navijua. Mtamwokota mtaroni kabla ligi haijaisha."

Uongo! Uongo mchana kweupe! Mikono ya Komeo ilikuwa imetulia tuli, na kinywani hakukuwa na harufu ya kitu. Mtu anaomba kazi moja tu ya kumalizia maisha yake, anachafuliwa na mwanamke pekee aliyemo chumbani, tena msomi, tena aliyeyaona ya langoni kwa macho yake. Ungetegemea yeye ndiye angemshikilia mzee yule kwa mikono miwili. Wapi! Mwenyekiti, ambaye kikombe chake cha chai hakikuwa na chai bali pombe, ndiye aliyesita.

"Una hakika, daktari? Maana hili likitoka nje, yule mzee hapati timu popote tena."

"Najua," daktari alijibu. "Litoke."

Msemaji alikuwa ameshashika simu. Shemeji akaitwa ndani, akaanza kula kuku kabla hajaulizwa swali, na mifupa miwili baadaye alikuwa kocha mkuu.

Daktari hakuaga mtu. Alinawa mikono kwenye bomba la uani, akanawa tena, akaipangusa kwenye sketi, akaondoka zake macho makavu kabisa, bila hata dalili ya kuona haya. Ukimtazama unatamani kutema mate.

Nyumbani mama yake ndiye aliyemfungulia mlango. "Ingia," alinong'ona. "Baba yako hataki hata chai, anakusubiri wewe."

Sebuleni, Komeo aliinuka kwenye kochi, akamtazama binti yake usoni, akaketi tena.

"Nani alinipinga, mwanangu?"

"Mwenyekiti, baba," daktari alisema, akainama kumfungua kamba za viatu.