Unyevu Kando ya Kaburi la Mama

Kila mwezi, kila nyumba husukuma kigari cha rada shambani kwake, ili Bodi ya Maji ione chini ya ardhi na kujua nani amemwaga mgao wake wa kunywa. Ukishikwa, mgao unakatwa.

Safari hii udongo wote ulionekana mkavu, isipokuwa kando ya kaburi la mama yangu, mahali nilipochagua kuzikwa. Pale palikuwa na unyevu, urefu wa mtu.

Nikamwita mke wangu.

"Mghoi, ni wewe unayemwaga maji hapa?"

"Ni mimi, Baba Mwakio. Kikombe kila asubuhi."

"Ndiyo maana midomo imekupasuka! Wewe mwanamke una wazimu?"

"Udongo umekuwa mwamba, na watoto wako mbali. Nikiulainisha polepole, siku ikifika nitakuchimbia mwenyewe. Sitaki uzikwe na mashine ya Bodi."

Nikaifuta picha ya rada, nikaanza upya, na nilipofika pale nikakibeba kigari begani kisisome udongo, nikapita.

Mwezi uliofuata nilikibeba mara mbili: hapo pangu, na hapo pembeni, alipochagua yeye kuzikwa.

Mghoi akaitazama midomo yangu iliyopasuka.