Alama ya Dole Gumba

Salha, mkaguzi wa kodi aliyefika kwenye chama cha akiba, hakuwa na mzaha. "Mzee Kombo, riba mnayowalipa wenye amana siwezi kuitoa kwenye faida inayotozwa kodi mpaka nione alama ya dole gumba ya kila aliyepokea."

Mhasibu wa chama akamsogezea daftari la malipo. Salha akapekua, akakuta jina la mama yake, ambaye mwaka jana Salha mwenyewe alimwosha na kumvika sanda. Daftari lilisema amelipwa leo asubuhi. Kovu ambalo mama alilipata kwenye mbuzi ya nazi lilikatiza alama ya dole.

"Huyu ni marehemu," alinong'ona.

"Huja kila mwezi, mwanangu," alijibu Mzee Kombo. "Ukiikataa riba yake, hatakuwa tena na cha kufuata huku."

Salha aliinua kalamu nyekundu. Mkono wake wa pili ukaigusa alama ya dole. Wino ulikuwa haujakauka, nao ulikuwa na joto.