Albamu Saba za Mwaka Ule

Mwinshehe alikuwa hajakanyaga kwa Riziki tangu alipomwacha na kichanga akaenda kuoa kwingine. Leo, miaka kumi na minne baadaye, alifuata kaseti zake.

“Zile albamu saba za mwaka ule,” alisema mlangoni. “Sijapata tena muziki kama ule.”

“Nimekutunzia, baba Tunu.”

Boksi halikuwa na vumbi. Katika kila kaseti, Riziki alikuwa ameziba vijitundu vya juu kwa karatasi ili aweze kurekodi upya. Mwinshehe hakuviangalia.

Garini alitia ile aliyoipenda kuliko zote. Badala ya gitaa, alisikia mtoto mchanga akilia. Akatia ya pili. Mtoto alikohoa, kisha akaita, “Baba.”

Riziki alichungulia dirishani. Injini ilinguruma, lakini gari halikuondoka. Mwinshehe alikuwa ameishika kaseti ya tatu.