Jino Lililofichwa

Kipande cha pamba kilikuwa chini ya sinki, chekundu katikati, kikinuka karafuu.

Mama alikiokota kwa ncha za vidole. Mtu humu ndani anaumwa jino na amenyamaza. Maneno ya daktari wa mifupa yakamrudia: wadudu wa jino bovu huweza kusafiri kwa damu hadi kwenye goti la bandia, na wakishajikita pale, pengine goti zima hufumuliwa upya. Upasuaji wenyewe ulikuwa na miezi minane tu.

"Nani anaumwa jino?"

Binti akatikisa kichwa. Bibi akaendelea kukoroga chai.

"Bibi, hebu fungua mdomo."

"Mkwe wangu, mimi si punda wa mnadani."

"Basi tutakwenda kwa daktari wa meno, sote."

"Mimi siendi. Yule ana koleo."

Walikwenda. Kwenye simu Mama alikuwa ameshasema, "Tuna goti la bandia, tafadhali tusikae foleni." Ngazi zilikuwa kumi na nne. Bibi na mjukuu walizipanda wameshikana mikono, moja moja, wakipumzika katikati. Mama alifuata nyuma, akiomba kimoyomoyo isiwe.

Bibi akalazwa kwenye kiti. Taa ikawashwa. Daktari, kijana mwenye barakoa, akagonga jino la kwanza, la pili. La tatu, Bibi akaruka.

"Kumbe. Ulikuwa unamficha nani hili, bibi?"

"Wewe."

Daktari hakucheka. Alichungulia tena, kisha akamgeukia Mama, sauti imeshuka. "Limeoza hadi mzizini, lina usaha. Pole, dada. Bora mmewahi."

Mama akaegemea ukuta, akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Daktari alidhani analia, mpaka aliposikia kicheko.

"Ni lake," alisema Mama. "Mungu wangu, asante, ni lake."

"Dada, nimesema lina usaha." Daktari alishika kalamu, hajui aandike nini. "Hilo goti la bandia ni lipi, la kulia au la kushoto?"

Bibi akajifuta mdomo. "Magoti yangu nilizaliwa nayo, mwanangu. Muulize mwenyewe huyo."

Karibu na mlango, binti wa miaka kumi na minne alikuwa amekaa, mguu mmoja kaunyoosha mbele, akivuta sketi ya shule ifunike kovu la upasuaji gotini.