Glasi ya Mama Shekinah

Mahali penye baridi kuliko pote katika uwanja wa nyumba ile, mtaa wa Mususa, palikuwa juu ya kaburi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na friji ilibaki kabati tu, kwa hiyo Maman Sikuli, mwenye nyumba, akaamuru sinia lenye glasi liwekwe pale juu ya saruji, kwenye kivuli cha mparachichi.

“Mais funika,” akasema. “Nzi hazingojei mwaliko ya arusi.”

Mwanamke waliyemwita Katungu akatandika kitambaa cheupe, akaanza kazi. Chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa, chini. Mtindi mzito juu yake. Kisha fraise, yale matunda mekundu yanayoteremshwa kutoka milima ya Lubero, aliyoyaponda na sukari. Mtindi tena. Juu kabisa, chembe za chokoleti alizozikwangua kwa kisu. Solange, bibi arusi, aliiona desere hiyo, kitamu cha baada ya mlo, kwenye simu akaitaka, na jiko zima ni Katungu peke yake aliyejua kuitengeneza. Alifundishwa na masista wa Beni, kabla ya Mbau, kabla ya pori.

Mikono ilikwenda yenyewe. Jana yake alijiunguza kidole kwenye sufuria, hakusikia maumivu, alijua kwa harufu tu.

Sharti la Maman Sikuli lilikuwa moja. Watu waliotoka mikononi mwa waasi wanaogopwa, na siku ya arusi si siku ya kuogopesha wageni. Katungu asitoke jikoni kwenda mbele za watu, asimwambie mtu alikotoka. Arusi ikipita kimya, chumba cha pembeni ya jiko kitakuwa chake, naye atalala na kumlea Shekinah, mjukuu wa nyumba ile, aliyeachwa na mama yake angali ananyonya. Isipopita kimya, barabara aliyojia haijafungwa.

Kwa hiyo alikaa kimya. Aliyezungumza ni Jokébed, shangazi wa bibi arusi, aliyeletwa jikoni kumenya ndizi na alikuwa akimenya mdomo zaidi kuliko ndizi.

“Unajua mu hii kaburi muko nini?”

“Hapana, maman.”

“Mugomba!” Jokébed akajipiga kofi pajani. “Eliane, bibi wa kwanza wa Gamaliel, waasi balimubeba mu shamba ya kakao kule Mbau. Hata mwili hapana. Bakangoja, bakangoja, donc bakaweka shina ya mugomba mu sanduku. Pasteur akaomba, batu bakalia, bakafunika. Miye siku yangu ikifika, baniwekee hata na ndizi yake!”

Akacheka mpaka kisu kikamwanguka. Katungu naye akachanua midomo, kwa adabu.

“Balifanya vizuri,” akasema. “Mutu asipozikwa, anasumbua batu.”

“Na akizikwa?”

“Akizikwa, inaisha.”

Jokébed alipoenda kuteka maji, Gamaliel mwenyewe, bwana arusi, akatokea mlangoni, suti mpya, viatu vinang’aa. Hakuingia. Aliviangalia viatu vyake.

“Umekula?”

“Nitakula.”

Hakuondoka. Tai yake ilikuwa imekwenda upande. Mkono wa Katungu ukanyanyuka, ukakaa hewani kidogo, kisha ukashuka na kuokota kijiko.

“Enda,” akamwambia. “Banakungojea.”

Akaenda.

Kwaya ikaimba. Vigelegele vikapanda juu ya mabati. Sinia likatoka kaburini limejaa, likarudi jikoni na glasi tupu. Kitambaa kilichoondolewa juu ya saruji kilikuwa na duara nyekundu za fraise. Akakiloweka kwenye beseni, akakifikicha, akakianika.

Maman Sikuli akaja akijifuta jasho, uso umemlegea kwa furaha. Aliangalia nyuma kwanza.

“Bamelamba mpaka glasi yenyewe. Solange anauliza ni nani alitengeneza, nikamwambia ni mupishi wa kukodi.” Akashusha sauti. “Umenisaidia, mwanangu. Chumba ni yako. Mutoto atalala kwako kuanzia leo.”

“Aksanti, maman.”

Alikuwa amelitaka jambo hilo tangu alipoingia langoni. Sasa akajipapasa ndani, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, aione furaha. Haikuwamo. Akaanza kuosha glasi.

Ndipo Shekinah akaingia, gauni jeupe limepakwa chokoleti kifuani, mikono yote miwili imeshika glasi iliyojaa. Alitembea kama aliyebeba yai.

“Tantine, hii nimeificha chini ya meza. Batu bote bamekula, Mama peke yake hapana.”

“Mama gani?”

“Mama yangu. Ule wa pale.” Akaonyesha kwa kidevu, kuelekea mparachichi. “Nisindikize. Nikienda peke yangu itamwangika.”

Wakaenda. Nyuma ya jiko hapakuwa na mtu. Wageni wote walikuwa mbele wakicheza. Mtoto akaitua glasi juu ya saruji, kando ya herufi zilizochongwa, akapanga kijiko vizuri pembeni yake.

“Atakula?”

“Atakula.”

“Na chokoleti ya chini?”

“Na ya chini. Mais hapendi kuangaliwa akikula. Enda ucheze.”

Shekinah akafikiri, akaona ni haki, akakimbia kuifuata ngoma bila kugeuka.

Eliane akatazama huku na huku, akaketi juu ya jina lake, akala.